Albamu ya Bibi Eudora

Siku Bibi Eudora alipotuletea albamu yake tuangalie, nilikuwa nimeshakubali kwa nusu moyo mwanangu Herieth asafiri naye kwenda Uingereza. Nusu iliyobaki nilikuwa bado namwomba Mungu aijaze au aiondoe.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, zamu ya nyumba yake kupokea sala ya jumuiya. Sisi wa Jumuiya ya Mtakatifu Monika, hapa Kunduchi Mtongani, tunasali kwa kuzunguka, wiki hii kwako, wiki ijayo kwangu. Rozari ilikuwa imekwisha, chai ilikuwa bado jikoni, na mwenye nyumba akafanya kile ambacho kila mwenye nyumba hufanya wageni wanapokaa kimya wakitazamana. Alileta albamu, akaiweka mapajani mwangu, akarudi jikoni akiburuta goti lake bovu.

Desturi hiyo alifundishwa na marehemu mume wake, mhandisi Gervas, mtu wa Mbinga kama mimi. Walioana London, akaja naye huku alipostaafu, akafariki miaka sita iliyopita. Mjane akabaki na nyumba, na Kiswahili chake cha polepole, na habari zake kwamba alizaliwa kisiwa cha Mtakatifu Lusia huko Karibi, akaenda Uingereza akiwa na miaka kumi na tisa, na kwa miaka thelathini na moja alikuwa mwigizaji wa filamu na tamthilia. Habari hizo tulizipokea kama tunavyopokea habari za watu waliotoka mbali. Hakuna aliyekuwa amewahi kumwona kwenye filamu yoyote.

Picha ya kwanza alikuwa amevaa gauni la nesi, anasukuma kitoroli cha dawa. Ya pili alikuwa amepiga magoti kwenye ngazi, ana aproni, pembeni ndoo na brashi. Ya tatu analia nje ya mahakama, polisi wamesimama nyuma yake. Ya nne nesi tena, hospitali nyingine. Ya tano anagawa chakula kwa watoto wa shule. Chini ya kila picha kulikuwa na maandishi ya kalamu, na hakuna mahali jina lake lilipoandikwa. Mahali pengine liliandikwa jina la mwanamke mwingine. Mahali pengine iliandikwa kazi tu.

Nikafunua ukurasa wa sita.

Alikuwa ndani ya jeneza. Amelala chali, mikono imekunjwa kifuani, rozari vidoleni, maua meupe pande zote. Watu waliovaa nyeusi wamelizunguka jeneza, kijana mmoja amefunika uso kwa viganja. Padri amesimama kichwani na kitabu. Chini kulikuwa kumeandikwa: Bi. Josephs.

Sisi hatuogopi picha za msiba. Kila nyumba ya jirani zangu ina picha kama hizo, ndugu wamepanga mstari nyuma ya jeneza, na mgeni akiletewa albamu atazikuta baada ya picha za harusi. Zinawekwa ili aliyekuwa mbali aone kwamba mtu wake alizikwa kwa heshima. Kwa hiyo sikushtuka kuona maiti. Nilishtuka kwa sababu maiti ilikuwa na kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, na mwenye kovu hilo nilikuwa namsikia jikoni akipanga vikombe.

Tusajigwe, anayeuza samaki wa kukaanga kule pwani, alikuwa ameegemea bega langu.

"Dada," akanong'ona, "huyu ni yeye."

"Labda pacha wake."

"Pacha wanazaliwa na kovu? Mie nashikaga samaki kila siku, najua kilichokufa na kinachosinzia. Huyu amekufa."

Mzee Ansbert, mwenyekiti wetu, aliyekuwa karani wa mahakama miaka mingi, alinyoosha mkono akaichukua albamu. Alifunua kurasa zote kwa kidole kilicholowa mate, toka mwanzo mpaka mwisho, bila kusema neno. Chai ilipoletwa akaifunga, akasema, "Asante sana Bibi, picha nzuri." Tulikunywa chai kwa haraka isiyo ya kawaida.

Njiani ndipo alipofunguka. "Mama Herieth, mwigizaji hupigwa picha amependeza. Yule amepigwa picha akiwa kazini. Umeona hata moja amevaa hereni?"

Kweli sikuwa nimeona.

"Mie nilikuwa nimeshaanza uchunguzi wangu. Nilitafuta jina lake kwenye simu ya binti yangu. Nikakuta orodha moja ya watu wa tamthilia, jina lake liko chini kabisa, na mbele yake wameandika nini? Nesi wa Pili." Akasimama katikati ya njia. "Sasa nani wa kumbishia? Wenyewe wameandika. Alikuwa nesi."

"Na jeneza?" Tusajigwe akauliza.

"Hapo ndipo penye kesi. Kuna mwanamke alikufa huko, anaitwa Josephs. Kuna mwanamke yuko hapa, sura ileile. Anayesafiri na binti yako anasafiri kwa karatasi za nani?"

Nilifika nyumbani nikakitoa cheti cha kuzaliwa cha Herieth kwenye faili la shule, nikakiweka ndani ya Biblia yangu, na Biblia nikaifungia kabatini. Bila cheti hicho hakuna pasipoti, na bila pasipoti hakuna safari. Herieth ndiye mtoto niliyebaki naye. Baba yake alituacha yeye akiwa chekechea. Kama kuna mtu alikuwa anataka kumchukua kwa hila, basi angeanza kwa kunishinda mimi.

Herieth aliporudi nikamwambia nilichokiona. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama, ni filamu."

"Na maua?"

"Ya filamu."

"Na waliokuwa wanalia?"

"Wa filamu, mama."

"Na padri?"

"Hata padri."

"Yaani mtu amevaa stola, ameshika kitabu cha mazishi, na si padri?"

"Ni mwigizaji."

Nikafanya ishara ya msalaba. Yeye alidhani amenituliza, kumbe ameniongezea. Watu wanaoweza kumvisha mtu stola ya uongo wangeshindwa kumdanganya msichana wa miaka kumi na tisa?

"Nyie jumuiya mmekuwa polisi sasa," akasema. "Mzee Ansbert angepewa pingu tu."

"Mie nimekuwa mama yako. Niambie tena kazi yenyewe."

Akaniambia tena, kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto. Macho ya Bibi Eudora yamefunikwa na mtoto wa jicho, hawezi kusoma. Mwaka mzima na miezi kadhaa sasa, kila mchana, Herieth ndiye humsomea: kwanza barua na magazeti, na tangu Desemba, maneno ya filamu. Bibi husikiliza, hurudia, Herieth humsahihisha. Sasa ameitwa aigize mtu mkuu wa filamu nzima, mwanamke mzee anayerudi kudai nyumba yake. Hajawahi kupewa nafasi kama hiyo maishani. Lakini kila siku maneno hubadilishwa, lazima awe na mtu wa kumsomea kulekule, na ameizoea sauti ya Herieth.

"Ana miaka mingapi?"

"Sabini na mbili."

"Miaka yote hiyo hawakumpa. Leo wampe kwa sababu gani?"

Herieth aliinuka akafungua faili la shule. Akaniuliza cheti kiko wapi. Nikamwambia kiko salama.

Nilifunga siku tatu. Nilisali novena ya Mtakatifu Monika, ambaye alimlilia mwanawe miaka mingi na hakuchoka. Jioni nilienda masomoni Tegeta kama kawaida, maana nilianza kidato cha kwanza nikiwa na miaka arobaini na nne na sitaki kukosa kipindi, lakini Kiingereza cha ubaoni kilinipita. Nilichoomba kilikuwa kifupi. Bwana, kama ni mtego, nionyeshe kamba. Kama si mtego, niondolee ubaya huu kichwani.

Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya misa, nilienda kwake peke yangu. Nilimkuta barazani anachambua mchele kwa vidole, uso umeelekea barabarani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mama Herieth. Nimejua hatua yako. Unatembea kama mtu aliyekasirika."

"Sijakasirika. Nina swali. Kwenye ile albamu, nani amekufa?"

Akaacha mchele. "Nani amekufa?"

"Bi. Josephs."

Alianza kucheka polepole, kikohozi kikamshika, akacheka na kukohoa pamoja mpaka nikampa maji. Nilisimama na glasi mkononi nikimtazama lile kovu. Kicheko hakikunibadilisha. Hata mwongo hucheka.

"Mimi," akasema. "Mimi ndiye nilikufa. Siku mbili. Yule kijana aliyeigiza mwanangu alikuwa anasahau maneno yake, kwa hiyo mimi nalala, yeye anasahau, tunaanza tena. Kanisa lilikuwa baridi kama friji. Wananiambia, Eudora, usipumue." Akafuta macho. "Na unajua, mama Herieth, pale ndipo nilipokaa mbele ya kamera muda mrefu kuliko pote. Nikiwa hai sikuwahi kupewa dakika nyingi hivyo."

"Mzee Ansbert anasema mwigizaji hupigwa picha amependeza."

"Ansbert yuko sahihi. Ingia ndani."

Aliwasha televisheni kwa kupapasa. Herieth alikuwa amemkusanyia vipande vyake vyote kwenye flashi moja, vya miaka yote thelathini na moja, kimoja nyuma ya kingine. Tulikaa tukaangalia. Yaani niliangalia mimi. Yeye aliinamisha kichwa akisikiliza.

Mlango unafunguliwa, Bibi Eudora kijana, amevaa aproni, anasema, "Bwana hayupo," mlango unafungwa. Wodi ya hospitali, anasema, "Daktari anakuja sasa hivi," anatoka. Mlango mwingine. Polisi wanaingia, yeye anasema mwanangu ni mtoto mzuri, wanampita, kisha yuko nje ya mahakama analia. Wodi. Ngazi na ndoo, mzungu anapita bila kumwangalia, yeye anasogeza ndoo. Wodi tena, nywele sasa zina mvi. Jeneza, na padri, na yule kijana anayelia. Kisha kioo kikawa cheusi.

"Imekwisha?" nikauliza.

"Dakika kumi na moja. Herieth alipima."

"Miaka thelathini na moja?"

"Na nilisoma chuo chao. Nilipata zawadi ya kusoma mashairi, mbele ya walimu wote. Halafu nikaenda kwenye usaili wa kwanza, wakaniambia, vizuri sana, sasa sema kama watu wa kwenu. Nikasema kama bibi yangu. Wakafurahi. Kuanzia hapo niliongea kama bibi yangu kwenye kila mlango."

Nilijua sasa kwamba hakudanganya. Hakuwa nesi na hakuwa maiti. Yale yote Mzee Ansbert aliyoyashika kama ushahidi dhidi yake yalikuwa ndiyo kazi yenyewe. Hawakumpa nyingine ya kupigiwa picha. Nilipaswa kutulia. Lakini nilikuwa nimetoka kumwona mwanamke huyu akilia nje ya mahakama kwa machozi ya kweli, kwa ajili ya mtoto ambaye hakumzaa. Mtu anayejua kulia hivyo anajua pia kucheka barazani. Nikasema moyoni, Bwana, bado hujanionyesha.

"Bibi, naomba nione karatasi za Herieth."

"Karatasi?"

"Za safari. Nimeambiwa zimejazwa."

Hakufurahi. "Alizijaza wakala wa mjini. Ziko Kiingereza."

"Nitasoma."

Akanielekeza droo. Nilitoa bahasha, nikakaa karibu na dirisha, nikaanza kusoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama tunavyofundishwa. Jina lilikuwa sawa. Tarehe ya kuzaliwa, sawa. Anwani yetu, wamekosea namba ya nyumba. Ukurasa wa pili niliusoma mara mbili. Palipoandikwa kazi yake kwa Bibi Eudora, na kazi atakayokwenda kufanya, palikuwa na maneno ambayo nilikuwa nimeyaona siku nane zilizopita, chini ya picha ya ndoo na brashi. Mfanyakazi wa ndani.

"Bibi, mwanangu anakufulia?"

"Hapana."

"Anakupikia?"

"Anakuja, anasoma, tunakunywa juisi, anakwenda. Unajua hivyo."

"Hapa wameandika mfanyakazi wa ndani."

Nje kulikuwa na bodaboda wanabishana, mmoja anamwambia mwenzake, "We jamaa hata ukipewa ndege utaipaki barazani."

"Wakala alisema njia hiyo inapita kirahisi," akasema Bibi Eudora mwishowe. "Alisema wakiona msichana Mwafrika anafuatana na mwanamke mzee, hilo ndilo wanalolielewa. Ukiandika kitu kingine wanaanza maswali. Ni karatasi tu, mama Herieth. Tukifika atakuwa msomaji wangu."

"Na wewe kule kwenye usaili walikuambia ni nini? Ile ya kuongea kama bibi yako."

Vidole vyake vilikuwa bado vinatembea mapajani kama vinachambua mchele.

"Waliniambia ni mwanzo tu," akasema.

Niliona aibu kwa sababu sauti yake ilikuwa imebadilika, haikuwa ya kwenye televisheni wala ya barazani. Aliinua uso kunielekea, macho yake yana ukungu.

"Ulijua?" nikamuuliza. "Kwamba wameandika hivyo?"

"Nilijua. Alinisomea. Nikasema, sawa." Akarudia, polepole, "Nikasema, sawa."

Hapo ndipo nilipomwamini, na ndipo nilipomkasirikia kwa kweli.

"Basi Herieth hasafiri," nikasema.

"Upigaji wa filamu unaanza baada ya wiki saba. Bila yeye siwezi. Wakikuta siwezi kushika maneno ya siku watamchukua mwingine. Unaelewa? Ni hii moja, mama Herieth. Sina nyingine."

"Naelewa. Aende kama msomaji, au abaki."

"Na wakikataa?"

"Wakikataa atabaki, na wewe utabaki, na Jumamosi mtasali na sie."

Nilidhani ataniambia nitoke. Badala yake akasema kuna kalamu kwenye droo ileile, na kwamba kwa kuwa macho yake hayafai na Herieth hayupo, nitaandika mimi.

Niliandika. Kiingereza changu ni cha kidato cha pili, naye alinitajia neno kwa neno, herufi kwa herufi nilipokwama. Aliwaandikia wenye filamu, kwamba anayekuja naye ni msaidizi wake wa kisanaa, anayemsomea na kumrekebisha, na wao wenyewe waandike barua ya kumwalika kwa kazi hiyo na si nyingine. Mara mbili aliniambia neno fulani tuliache, litaleta maswali. Mara mbili nikamwambia tuliandike. Mwisho akasema, "Ongeza kwamba asipokuja yeye, siji." Nilimwangalia kuona kama anaigiza. Alikuwa ameshaipapasa kalamu mkononi mwangu atie sahihi, na sijui kama hilo nalo hufundishwa chuoni.

Tulingoja siku kumi na tisa. Mzee Ansbert, nilipomweleza habari ya jeneza, alikubali kwa shingo upande. "Hata hivyo," akasema, "mimi nilisema kuna kasoro kwenye karatasi. Nilikosea ukurasa tu." Tusajigwe akamjibu kwamba hata yeye alikosea tu samaki.

Siku hizo Bibi Eudora hakunipigia. Herieth hakuniongelesha zaidi ya salamu. Alikuwa amesikia yote, na aliona nimemwekea filamu yake na ya bibi yake rehani kwa sababu ya maneno matatu. "Mie ningeenda hata wangeandika mbuzi," aliniambia siku moja akiosha vyombo. Nikamwambia ndiyo maana Mungu alimpa mama. Usiku nilisali nikiogopa kwamba nimewanyima wote wawili. Hata hivyo sikutaka barua irudishwe.

Jibu lilipokuja, Herieth alinisomea akiwa amesimama mlangoni. Wenye filamu walishangaa; hawakujua karatasi zimejazwa hivyo. Walileta barua mpya ya mwaliko, yenye maneno yetu, hata yale mawili aliyotaka tuyaache. Lakini walipunguza muda: wiki nane badala ya miezi minne, kisha atarudi. Nikaisoma tena mwenyewe kwa kidole, kurasa zote, na nyuma ya kurasa. Ndipo nikafungua kabati.

Waliondoka mwezi wa sita. Sasa ni wiki ya pili. Kila siku nikitoka masomoni namwandikia Herieth swali moja, na anasema nimekuwa kama mlinzi wa geti. Leo umevaa nini? Ananijibu: sweta la kijani. Koti lako. Suruali, mama, usiseme.

Jana nikamwambia atume picha. Akatuma. Amekaa kwenye kiti cha kukunja, karatasi mapajani, mdomo wazi, anasoma. Pembeni Bibi Eudora amefumba macho anasikiliza, amevaa gauni la bluu zito lenye kola ya lesi, na masikioni ana hereni. Nyuma yao watu wamesimama wanawasubiri.

Niliikuza kwa vidole viwili. Nikaangalia mikono ya mwanangu, nikaangalia kiunoni kama kuna kamba za aproni, nikaangalia chini ya kiti. Kisha nikamwandikia: nzuri, asifiwe Mungu. Sasa simama, ugeuke, nikuone mgongoni.